Mvinje Uliostawi Pasipo Maji Yangu

Ilikuwa mwaka 2015, katikati ya kiangazi, wakati ambapo hata kunguru wa mji wetu waliona afadhali kutembea kwa miguu kuliko kuruka katika joto lile.

Miti yote niliyoipanda nyuma ya nyumba yangu ilikufa.

Yote, isipokuwa mmoja.

Na huo mmoja ndio niliokuwa nimeacha kuumwagilia.

Naomba nieleweke vizuri. Sisemi kwamba niliumwagilia kidogo, wala kwamba niliusahau siku mojamoja. Niliukatia maji kwa makusudi, kwa kuwa nilikwisha kuukatia tamaa. Nao ulinijibu kwa kurefuka. Ulirefuka kama mti ulioota kando ya mto, katika mji ambao mto wake wa karibu huonekana kwenye ramani tu.

Watu walipita kichochoroni, wakautazama, wakatikisa vichwa. Mmoja alinong'ona kwamba chini ya mti ule kuna kitu kimefukiwa.

Hakukosea sana.

Lakini nianze mwanzo.

Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Nusu ya mipaka ya mji huu aliiweka yeye. Alikuwa mtu wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi mpaka mkunjo wake ukasimama wenyewe, na alipopita mtaani hatua zake zilikuwa sawasawa, kama mtu anayehesabu. Watu walimpisha bila kujua kwa nini wanampisha.

Kisha akapata kiharusi.

Upande wa kulia ulilegea: mkono, mguu na pembe ya mdomo. Akili haikuguswa hata kidogo, na huko ndiko kulikokuwa kuteseka kwenyewe.

Mtaalamu wa viungo, binti mmoja mpole wa hospitali, alitueleza sote wawili bila kumung'unya maneno.

"Mama, Mzee lazima atembee. Si chumbani, chumbani atazunguka tu kama mshale wa saa. Atembee nje, mahali penye nafasi, kila siku. Asipotembea, mguu huu utakakamaa ukiwa umepinda, na ukishakakamaa hakuna atakayeukunjua."

"Atatembea," nilisema.

"Sitembei," alisema Mzee.

Siku zile maneno yake yalitoka yakiwa yamevimba, lakini hilo lilitoka wazi kabisa.

Tatizo lilikuwa roshani.

Nyuma ya ukuta wetu aliishi mshonaji, mwanamke mjane wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa ameongeza ghorofa juu ya nyumba yake, na roshani ya ghorofa hiyo ilitazama uani kwetu moja kwa moja, kama mtu aliyeegemea ukuta akisubiri kuhadithiwa. Tangu asubuhi hadi jua linapokuchwa alikaa pale na cherehani yake, akishona sare za shule.

"Watu hawa nimewapimia mipaka yao," aliniambia Mzee. "Hawatanitazama nikiburura mguu."

"Watu gani, Mzee? Ni mtu mmoja. Ni Fundi."

"Huyo mmoja ana mdomo. Unatosha."

Nilikwenda kwa Fundi. Nilibisha hodi, nikamsalimu, nikaeleza shida yangu kwa utaratibu.

"Mama yangu," alisema, "ningekuwa na chumba chenye mwanga ningehama leo hii. Huko ndani naweza kushona kidole changu nikadhani ni kola." Akacheka, kisha akaona kwamba sicheki. "Mwambie Mzee simtazami. Natazama sindano."

Niliufikisha ujumbe.

"Sindano hutazamwa kwa jicho moja," alijibu Mzee. "La pili linabaki bila kazi."

Nikamwita mwashi aongeze ukuta. Mwashi aliugonga kwa kisigino cha nyundo, matofali yakatoa unga, akaniambia kwamba ukuta ule unasimama kwa mazoea tu. Ukibebeshwa tofali moja zaidi utalala. Nikatundika turubai. Upepo wa jangwani uliling'oa siku hiyohiyo, tukalikuta limejiviringisha kwenye nguzo ya umeme kama mlevi.

Ikabaki miti.

Muuza miche wa barabara kuu aliitwa Profesa, kwa kuwa hakuna swali lililowahi kumshinda, hata yale ambayo hakuulizwa.

"Bibi, karibu. Unataka mti wa kivuli, wa matunda au wa kupendeza macho?"

"Nataka mti wa kuziba macho. Uwe mrefu, uwe mnene, usihitaji maji mengi, na ukue upesi."

Aliweka chini kopo lake la kumwagilia.

"Bibi, huo ukiupata, niletee mbegu."

Hata hivyo aliniuzia. Aliniuzia oleanda. "Huu ni moto wa kuotea mbali, Bibi. Jua linaupiga, wenyewe unachanua tu." Nilikwisha kuipanda safu nzima ndipo mtaalamu wa viungo alipoiona, akaniambia kwamba utomvu wake ni sumu. Mzee, tangu augue, alikuwa na tabia ya kuchuma chochote kilicho karibu na mkono wake wa kushoto na kukisokota, kisha kujifuta mdomo kwa mkono huohuo. Niliing'oa yote kabla ya magharibi.

Nikapanda bogenvilia. Ilipanda vizuri hadi ukingo wa ukuta, na kila ilipochungulia upande wa pili, upepo wa moto uliichoma vichwa. Haikuvuka ukingo ule hata kwa upana wa kiganja.

Nikarudi kwa Profesa.

"Mgunga," alisema. "Mgunga ni mtoto wa jangwa, Bibi. Hauombi kitu."

"Una miba."

"Sasa mgunga bila miba utaupata wapi?"

"Profesa, mume wangu anajifunza kutembea upya. Ataanguka. Nataka aangukie mchanga."

Akanionyesha minyaa. Nikamwambia kwamba maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni ni balaa. Akanionyesha mdungusi, miba mitupu, nikamtazama tu. Mwisho akanipa mwarobaini, mti mzuri, mtiifu, ambao ulikua kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwenye kazi asiyoipenda. Kwa mwendo ule ungeifikia roshani baada ya mazishi yetu sote.

Ndivyo nchi kavu ilivyo. Kila kilichokubali kuishi kwangu kilikuwa na sumu au miba, na kisichokuwa navyo kilikuwa na uvivu.

Na wakati mimi nachimba na kung'oa, mguu wa Mzee ulikuwa unakaza kitandani.

Siku moja aliniita dirishani.

"Unapanda msitu," alisema. "Mimi nataka mstari."

"Mstari gani?"

"Nitoe nje. Fundi akiingia kula."

Nilisubiri. Cherehani iliponyamaza na Fundi alipoingia ndani, nilikisukuma kiti cha magurudumu hadi uani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona jua bila kioo tangu atoke hospitali. Hakulisifu. Alifumba jicho la kulia, akanyoosha mkono wa kushoto na kusimamisha kidole gumba, akaelekeza kwenye roshani. Kisha akanituma ukutani na ufito mkononi.

"Kulia. Zaidi. Umepita. Rudi. Usiegemee ufito, unauinamisha. Hapo. Hapohapo!"

Nilichomeka ufito mchangani.

"Mti mmoja unatosha," alisema, "ukisimama hapo. Kutoka kiti chake hadi njia yangu, mstari unapita hapo."

Sauti yake siku ile ilikuwa ile ya zamani, ya mtu anayewaamuru vijana wa kushika kamba na vigingi. Nilitamani ufito ule ukae mahali pake milele.

Nilipanda mvinje, mti wa majani membamba kama nyuzi. Profesa alikuwa nao mmoja kwenye pipa, tayari umenipita kimo, kwa kuwa mteja aliyeuagiza alihama mji. Mzee aliukagua kwa jicho moja, akauamuru uhamishwe upana wa dole, ndipo nikaruhusiwa kufukia.

Kiangazi kikaingia.

Mji wetu hunywa maji ya boza. Boza, lori la maji, hupita kila wiki, likipenda, na kila nyumba ina tangi lake ardhini. Kiangazi kile boza lilikosa kupenda mara nyingi. Nilianza kuigawia miti maji ya kuoshea vyombo, halafu maji ya kufulia, halafu samahani. Bogenvilia ikakauka ikiwa imesimama. Mwarobaini ukapukutika. Mvinje ukawa wa manjano, na mimi, nikiwa na ndoo moja ya kunywa na mgonjwa ndani, nikageuza uso.

Ndipo ukaanza kukua.

Rangi ilirudi kwanza. Kisha matawi yakanyanyuka, yakapita ukuta, yakapita dari ya ghorofa ya chini kwa Fundi. Baridi iliyofuata ilipoingia, ulikuwa umesimama mbele ya roshani yote, ukivuma polepole. Kutoka uani kwetu, ukitazama juu, uliona nyuzi za kijani na mwanga mkali wa mbingu. Roshani haikuonekana. Cherehani uliisikia tu.

Nilimtoa Mzee. Alifumba jicho. Alitazama kwa muda mrefu hadi nikaogopa.

Kisha akaitazama roshani isiyoonekana, na pembe ile ya mdomo iliyolegea ikajaribu kupanda.

"Nipe fimbo," alisema.

Akatembea.

Sitayapamba. Ilikuwa kazi mbaya kuitazama. Mguu ulichora mchangani mfereji mrefu, jasho lilimtoka kama anayechimba kisima, na alianguka mara ya kwanza kabla hajafika ukutani. Lakini alianguka kwenye mchanga, pasipo miba wala macho ya watu, akaniambia niondoke, atainuka mwenyewe. Nami niliondoka, nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni na kitambaa mdomoni.

Alitembea kila siku tangu hapo. Mtaalamu wa viungo aliukunja mguu, akaukunjua, akatabasamu.

"Unarudi, Mzee. Usiache."

"Sina mpango wa kuacha."

Katika siku zile za furaha yangu, mambo mawili yalitokea, nami niliyatazama bila kuyaona.

La kwanza: nilimpelekea Fundi mapazia ayapinde, akanirudishia yamekwenda kombo.

"Fundi, pindo hili limelewa."

"Nisamehe, Mama. Ni macho tu. Nitarudia."

La pili: nilimwona asubuhi moja akirudi kutoka bomba la mwisho wa barabara, dumu kichwani na dumu mkononi, siku moja tu baada ya boza kumjazia.

"Tangi lako lina nini?"

"Halina neno, Mama. Nanyoosha miguu."

Mtu hanyooshi miguu kwa madumu mawili. Nilifikiri hivyo, nikaingia ndani kumpasia Mzee suruali.

Aliyeniambia ukweli ni dereva wa boza.

"Bibi, mambo?" alisema huku akivuta mpira.

"Hiyo ndiyo salamu ya kumpa mtu wa umri wangu?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Jaza, ukimaliza umpitie na jirani yangu."

"Kwa Fundi? Kwa Fundi sijazi tena. Nikijaza leo, keshokutwa limebaki tope. Naona haya kumjazia, ni kama natia maji kwenye kapu."

"Limepasuka?"

"Kupasuka ni kitu kidogo." Akashusha sauti. "Bibi, mle ndani kuna nywele."

"Nywele?"

"Nywele, haki ya nani. Nimezimulika na tochi. Nikafunika mfuniko, nikaondoka zangu."

Nilimwacha na mpira wake, nikazunguka kichochoro hadi mlangoni kwa Fundi. Aliponiona nikielekea nyuma ya nyumba, alishuka ngazi mbiombio.

"Mama, huko kuchafu. Mama, subiri nikuletee kiti."

"Fungua mfuniko."

"Mama—"

"Fungua."

Aliufungua.

Sikuhitaji tochi. Mizizi ilikuwa imeingia kwa upande mmoja kupitia ufa mwembamba kama uzi, na baada ya kuingia ikatawanyika, laini, ya rangi ya kutu, mingi kuliko inavyoweza kuelezwa, ikining'inia hadi chini na kulalia tope kama kichwa cha mtu anayeoga. Niliinua macho. Ukuta ulikuwa hapohapo, hatua moja kutoka kwangu. Na juu ya ukuta, mvinje wetu ulikuwa ukivuma, mnene, umeshiba.

"Tangi lako lilikuwa mbele," nilisema, "kama letu."

"Nilipojenga ghorofa, ngazi ilipita pale lilipokuwapo. Tukachimba jipya hapa."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu baridi, Mama."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesemaje? Mngeukata." Alikuwa anafuta mikono kwenye gauni, mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Mzee alikuwa ndiyo kwanza ameanza."

Niliukalia ukingo wa tangi.

"Sikujua," nilisema.

"Najua, Mama. Njoo juu upumzike, huku kuna jua."

Nilipanda naye hadi roshani. Sijawahi kujuta kupanda ngazi kama nilivyojuta siku ile.

Cherehani ilikuwa imegeuzwa. Ilitazama ukuta wa chumba. Kiti cha Fundi kiliupa mgongo ua wetu, kwa hiyo mwanga wote ulimfikia kwa nyuma, na kivuli chake mwenyewe kililalia kitambaa alichokuwa akishona.

Nikaenda ukingoni, nikatazama chini.

Nilimwona mume wangu.

Nilimwona dhahiri shahiri. Niliona bizimu ya mkanda wake. Niliona midomo yake ikihesabu. Nilimwona akisimama, akiyumba, akijifuta mate kwa mkono wa shati, jambo ambalo asingelifanya mbele ya kiumbe yeyote, hata mbele yangu. Nyuzi za mvinje zilikuwa mbele ya macho yangu na hazikuficha chochote. Roshani ilikuwa kivulini, na ua wetu ulikuwa juani. Ni kama pazia la wavu mchana: aliye nje haoni ndani, aliye ndani anaona mpaka kwa jirani wa tatu.

Mti ule haukuwa umemficha Mzee hata siku moja.

Aliyemficha alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Siku ya kwanza alipotoka," alisema Fundi, "alitazama huku juu akatabasamu. Nikaelewa kwamba anaamini haonekani. Sasa mimi ningefanya nini? Nikageuza cherehani. Ni kazi ndogo tu."

"Na mapazia yangu?"

Alitazama vidole vyake, na mimi nikavitazama. Vilikuwa vimedungwadungwa.

"Mama, usiukate. Mguu umeanza kunyooka, nimeuona." Akajiziba mdomo. "Yaani, nimesikia."

"Umeuona."

"Mara mojamoja," alikiri. "Nikisikia ameanguka. Nahakikisha tu ameinuka."

Nimefundishwa tangu utotoni kwamba kila jambo lina namna yake ya kujibiwa. Nikiuacha mti, mwanamke huyu ataendelea kubeba madumu hadi shingo imshinde. Nikiukata, Mzee atarudi kitandani. Nikinyamaza, nitakuwa namtembeza mume wangu mbele ya watu huku nikimwambia yuko peke yake. Nililigeuza kila upande na kila upande uliumiza mtu.

Nilirudi nyumbani. Mzee alikuwa amekaa, anapumua kwa nguvu, ameridhika.

"Umetoka wapi?"

Sikuwahi kumdanganya katika ndoa yetu, na nilikuwa nimechelewa kujifunza. Nikamweleza yote.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mstari ulikuwa kombo?"

"Hapana. Mstari ulikuwa sahihi."

"Basi kosa liko wapi?"

"Hukuhesabu kivuli."

Akaitazama fimbo yake.

"Na tangi?"

"Pale uliponionyesha, Mzee. Hapohapo."

Alininyooshea fimbo yake. Nilidhani ananipa niiweke karibu.

"Waite waukate," alisema. "Na hii iweke mbali."

Mkata miti alikuja na msumeno. Mvinje ulianguka ndani ya ua wetu kwa kishindo ambacho kilitikisa vikombe kabatini. Ili kuung'oa mzizi mkuu ilibidi atoe matofali kadhaa ukutani, na mwashi akasema hatayarudisha mpaka amalize kuziba tangi la Fundi, na tangi halizibiki mpaka likauke. Kwa hiyo tulikuwa tumeanza na roshani, na sasa tulikuwa na roshani na shimo ukutani linalomwonyesha mtu tangu kiunoni.

Mzee hakutoka. Aligeukia ukuta wa chumba, akabaki hivyo. Nilimsihi. Nilimkaripia. Nilimnunia. Yote kwake yalikuwa kelele za jikoni. Mtaalamu wa viungo alipokuja aliushika mguu, akausukuma kidogo, na Mzee akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Unarudi kulekule, Mama," binti aliniambia mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Fanya jambo."

Jambo gani? Niliyafanya yote. Nilipanda, nikang'oa, nikapanda, nikakata.

Lililobaki katika uwezo wangu lilikuwa maji. Tangi letu lilikuwa zima, na mti wetu ulikuwa umekunywa la mwenzetu. Kila asubuhi nilichota ndoo, nikaivuta uani, nikaipitisha kwenye lile shimo la ukutani. Fundi alinisihi aje achote mwenyewe.

"Mama, kiuno chako."

"Deni si lako, ulibebe kwa nini? Pokea."

Alipokea. Kisha alipanda juu na kukaa kwenye kile kiti chake, mgongo uani. Mti haukuwapo tena, hakukuwa na mtu wa kumficha, na bado hakuigeuza cherehani.

Mpaka asubuhi ambayo kiuno kilinisaliti. Niliinama juu ya ndoo, kitu kikakatika mgongoni kama uzi, nikajikuta nimekaa kwenye kidato cha mlango wa jikoni, siwezi kuinuka wala kuvuta pumzi ya kuita.

Wengi wenu mnaosoma habari zangu za bustani mmeniandikia mkiuliza mti gani unafaa kuziba macho ya jirani katika nchi isiyo na mvua. Jibu langu ni moja. Kabla hujachimba shimo, nenda kwa jirani. Kaa kwenye kiti chake, utazame kwako. Muulize maji yake yako wapi. Ukirudi nyumbani bado unataka kupanda, panda. Mimi nilifika kwenye kiti kile nikiwa nimechelewa, na asubuhi ile sikuwa na somo lolote kichwani. Nilikuwa na maumivu tu, na ndoo iliyojaa.

Nyuma yangu nilisikia mguu ukiburuzwa.

Mzee alitokea mlangoni, ameshika fremu. Alinitazama nilivyokaa. Aliitazama ndoo, akaona ni nzito kwake. Akachukua jagi la jikoni, akalitosa ndani ya ndoo, likajaa.

Ndipo nilipoelewa anachokusudia. Ana mkono mmoja. Mkono huo hushika fimbo. Hauwezi kushika fimbo na jagi.

"Mzee, usi—"

Alinipita. Aliingia uani, jua likampiga, akaanza kuvuka mchanga ule mtupu bila fimbo wala mti. Mguu ulichora mfereji. Maji yalimwagika kwenye kiatu, kwenye suruali, yakachora njia nyeusi nyuma yake. Katikati alisimama na kuyumba, nami sikuweza hata kunyoosha mkono.

"Fundi!" aliita.

"Abee, Mzee." Hakugeuka.

"Geuka."

"Nina pindo hapa, Mzee, nikiliacha litaharibika."

"Limekwisha kuharibika. Geuza cherehani yako itazame mwanga. Kisha shuka uchukue maji yako."

Cherehani ilinyamaza. Nilisikia miguu ya kiti ikisuguana na sakafu, kisha miguu ya meza. Fundi alionekana ukingoni, uso kwetu, akamtazama mume wangu kwa macho yote mawili, naye Mzee akasimama atazamwe.

Kisha akamalizia njia. Fundi alikwisha kufika upande wa pili wa ukuta. Mzee alilipitisha jagi shimoni. Halikuwa na maji ya kujaza hata nusu yake.

Fundi alilipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, Mzee. Yametosha."

"Hayajatosha," alisema Mzee. "Mwaga kwenye chombo chako, unirudishie jagi."

Akalipokea, akageuka, akaanza kuivuka tena njia ile kurudi kwenye ndoo.